Yah: Dai Langu Kufungwa Kabla Sijafika Kwenye "Lakini"

Bulyaga, Tukuyu

Kwa Meneja,
Kampuni ya Bima ya Ngao Tatu,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima na ofisi nzima haijambo. Huku Tukuyu tu wazima, mvua inanyesha kama ilivyozoea, ndizi zipo. Mimi ni mteja wenu Rubeni Mwansasu, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mzee wa kanisa, na mwenye gari dogo jeupe lenye bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe. Nasema "mwenye gari" kwa heshima tu. Kwa sasa gari liko Kawetele, ndani ya banda la nguruwe la shemeji yangu Anyosisye.

Nililiegesha kwenye mteremko, nikaingia ndani kunywa chai. Mvua ikalainisha ardhi, gari likashuka lenyewe, likapita katikati ya migomba bila kugusa hata mmoja, likaingia bandani likitanguliza nyuma. Nguruwe walitoka salama. Gari ndilo lililoumia: nyuma limekunjamana, na magurudumu mawili yanatazamana kama watu waliogombana. Nilipiga simu kwenu siku ileile, nikaambiwa nisilisogeze mpaka mkaguzi aje. Sijalisogeza. Mkaguzi naye hajasogea.

Jambo hili lisingenitoa jasho, ila binti yangu Belinda anaolewa mwisho wa mwezi huu, na tangu akiwa shule ya msingi nilimwahidi kwamba nitampeleka kanisani mimi mwenyewe, kwa gari langu mwenyewe. Kwa hiyo naomba uniruhusu nilalamike, tena kwa namba, ili tusipotezane.

1. Binti yenu wa huduma kwa wateja, Jenifer, ana haraka. Alinipigia, akanipa shikamoo nzuri kabisa, akauliza, "Baba, habari za gari?" Nikajibu, "Nzuri." Ndugu Meneja, ulitaka nijibu nini? Mtu akiulizwa habari hujibu nzuri hata kama nyumba inaungua, kisha ndipo anasema lakini. Nilikuwa navuta pumzi niseme lakini, Jenifer akasema, "Tunafurahi kusikia hivyo," akaenda swali la pili.

2. Swali la pili lenyewe. Aliniomba nipime kuridhika kwangu, kuanzia moja hadi kumi. Nikauliza alama hizo zinakwenda wapi, akasema zinamhusu yeye kazini. Sasa mtoto wa mwenzangu anahangaikia maisha yake, mimi mzee wa kanisa nimpe tatu? Nilimpa kumi. Angekuwapo mdogo wake hapo, naye ningempa.

3. Nikapata ujumbe kwamba, kwa kuwa nimeridhika kabisa, suala langu limefungwa. Sijakaa sawa, akaja wakala wenu Prosper na kamera, akasema mimi ndiye mteja mwenye furaha kuliko wote Rungwe. Akala ndizi, akashiba, akasema, "Tabasamu kidogo, mzee." Mgeni aliyekula kwangu ananiomba tabasamu tu, ningemnyima? Mke wangu Tusekile alikuwa pembeni akinikazia macho. Nikatabasamu.

4. Picha hiyo sasa ipo stendi, kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu, na chini yake mmeandika GARI LANGU, AMANI YANGU. Naipita kila asubuhi nikienda kazini kwa miguu. Jirani zangu wameanza kukata bima kwenu kwa ajili ya meno yangu.

5. Hapa ndipo panaponiuma. Upande wa bwana harusi walikuwa wamekodi gari la kumbeba Belinda, maana walisikia langu lina matatizo. Wakashuka stendi, wakaniona ninavyocheka ukutani, wakalifuta lile la kukodi. Wakanipigia kuhakikisha. "Baba, habari za gari?" Unajua nilichojibu.

Sikuandika ili kulaumu tu, nimeleta na ushauri. Fungueni Idara ya Lakini. Mteja akisema nzuri, mnyamaze. Muulizeni mvua, muulizeni mashamba, msubiri mpaka akohoe. Akikohoa, kuna dai. Akisema nzuri sana, gari limepinduka. Akisema nzuri sana tunamshukuru Mungu, tumeni mkaguzi na watu wa kubeba. Na foleni yenu muigeuze: aliyewapa alama mbili ana nguvu za kugomba, huyo anaweza kusubiri. Aliyewapa kumi ndiye aliye taabani.

Mkaguzi akija aje polepole, kwani kuku wa Anyosisye anaatamia kwenye kiti cha dereva na hapendi kuulizwa maswali.

Nisalimie Jenifer, nisalimie Prosper, nisalimie walinzi, wapika chai wa ofisi, na mkaguzi popote alipo. Ndaga fijo, yaani asante sana.

Ni mimi niliyeridhika kwa makosa,
Rubeni Mwansasu

Nyongeza: Nilikuwa nakunja barua hii Jenifer akapiga. Tusekile na Belinda wakasimama mbele yangu, barua nimeishika mkononi, ningeweza hata kumsomea. Akauliza habari za gari. Nikasema nzuri. Ndugu Meneja, binti yule hakukata. Alinyamaza. Akauliza mvua, akauliza ndizi, tena mimi nikakohoa. Akasema, "Baba, kama kuna lakini yoyote, niambie, nina muda wote." Nikamwambia, "Hakuna neno, mwanangu. Kazi njema." Kisha nikampa kumi nyingine bila kuombwa.

Belinda ameingia ndani, na mimi naona aibu. Futa yote niliyoandika juu ya Jenifer. Ila mkaguzi mtume, na mkipiga tena msiniulize mimi: ombeni kuongea na mama Belinda. Yeye ana lakini mpaka za akiba.