Kuomba Likizo ya Ukwe kwa Sababu ya Injini

Kabiria,
Jumamosi, saa nne asubuhi.

Kwako Mama Mkwe mpendwa, uliyeketi ndani ya gari langu,

KUH: INJINI, KITI, NA LIKIZO YA UKWE

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Kwa kweli naona u mzima, kwa kuwa nakuchungulia kupitia dirisha la jikoni, na mbaazi unazozitoa maganda zinaingia sufuriani bila hata moja kuanguka. Mimi pia ni mzima, ila roho. Barua ataileta Mukai, binti yako na mke wangu, kwa umbali wa hatua kumi na mbili. Ningekuja mwenyewe, lakini unajua tulivyolelewa sisi Wakamba: mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, haketi naye, wala hamtazami usoni. Majirani wengi wameshaachana na mambo hayo. Mimi na wewe bado tunayafuata, na sijawahi kulalamika mpaka leo.

Kwa miaka sita nimekuwa nikiunda gari dogo la mbio hapa uani, la watu wawili, jepesi kuliko lolote lililowahi kuonekana Kabiria. Limekamilika, isipokuwa injini. Onyesho la magari ya kujitengenezea ni tarehe kumi na tatu mwezi ujao, nami nimeshajiandikisha na kuwaalika wenzangu wote wa ofisini Hurlingham. Gari lisipokuwa na injini siku hiyo litasukumwa, na atakayelisukuma ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba tangu mwezi wa Machi, kila Jumamosi, siku pekee ninayopata nafasi, unaingia garini saa tatu na kutoka saa saba. Kwa kuwa siwezi kukukaribia wewe, siwezi kulikaribia gari. Nimejaribu kufanya kazi upande wa nyuma nikiwa nimekupa kisogo, nikaishia kukaza nati pamoja na kipande cha suruali yangu.

2. Kwamba uamuzi wangu kuhusu injini hauheshimiwi. Niliyoichagua ni ya pikipiki yangu kubwa. Ina silinda nne, na mimi na Fidel fundi tunaibeba bila kupumzika. Gari la mbio ni hesabu ya uzito, Mama. Kila kilo unayoipunguza ni nguvu uliyoongezewa bure. Hata rangi nimepaka mara moja tu. Hata usukani sikununua: niliukuta kwenye pikapu ya marehemu baba mkwe, Mzee Nzuki, ile iliyolala nyuma ya nyumba, mwembamba, mwepesi, umezungushiwa uzi wa nailoni vizuri sana, nikaufungua. Basi nilipotangaza uamuzi wangu ulimtuma Mukai aniambie: “Mwambie kama ni ya pikipiki, mimi siketi hapo tena.” Nilifurahi wiki nzima. Jumamosi iliyofuata ulikuwa umeketi pale pale.

3. Kwamba Fidel amenunuliwa. Alikuwa mtu wa pikipiki. Baada ya kikombe kimoja cha chai yako akahamia kwa injini ya gari la Probox: “Buda, hii ya Probox ndio poa, spea unatoa Ngara hata kama umefunga macho.” Baada ya chapati mbili akagundua kwamba injini bora kuliko zote iko hapa hapa nyumbani, ndani ya pikapu ya Mzee. Mama, injini ile ni chuma kitupu. Ina umri mkubwa kuliko wangu. Ilipotolewa ili ipimwe, wanaume wanne waliibeba hatua tano wakaomba maji. Kuiweka kwenye gari langu ni sawa na kumpandisha fahali kwenye baiskeli. Na chapati zilitoka kwa nani najua.

4. Kwamba, kwa heshima zote, hata wewe una uzito. Sisemi ni mwingi. Nasema tu kwamba gari haliwezi kupimwa ukiwa ndani na sufuria, na springi za upande wa kulia zimeshaanza kukuzoea.

5. Kwamba sina pa kushtaki. Wa kupelekewa kesi ya mama mkwe ni baba mkwe, naye alituacha miaka mitatu iliyopita. Nilimwendea pasta. Alisikiliza kwa makini, akauliza kama naye anaweza kuja kuketi kidogo.

Kwa sababu hizo, naomba nipewe likizo ya ukwe. Kila Jumamosi, kuanzia saa tatu hadi saa saba, nisiwe mkwe wako bali fundi tu wa kupita, anayeweza kukuambia “Mama, shuka” bila kupata laana. Saa saba na dakika moja nitarejea kazini kama mkwe, kwa ajili ya chakula cha mchana. Ikiwa hilo ni gumu, naomba Mukai asiwe binti yako kwa saa hizo nne. Ikiwa hilo nalo ni gumu, niruhusiwe kuunda gari la pili, la kuketiwa tu, lisilohitaji injini, na wewe uwe mwenyekiti wake wa kudumu.

Wasalimie walio karibu nawe, hasa Fidel, ambaye namwona amepewa chapati nyingine.

Mkwe wako mtiifu, wa mbali,
Kimanzi.

Baada ya sahihi:

Mukai ameisoma barua hii na amekataa kuileta. Ameniketisha chini akaniambia jambo ambalo kila mtu nyumbani alilijua isipokuwa mimi. Kwamba ule uzi wa nailoni Mzee Nzuki aliuzungusha kwa mikono yake. Kwamba kwa miaka thelathini na moja uliketi kushoto kwake, mkienda sokoni, kanisani na mwishowe hospitalini, na hukuwahi kuushika usukani ule hata siku moja. Kwamba ulianza kuketi garini, mbele ya usukani huo, Jumamosi ile ile niliyoufunga kwenye gari langu. Mimi nilikuwa napima kilo. Nimeona aibu sana, Mama. Nisamehe kwa kuufungua bila kuuliza.

Fidel amepima tena: injini ya Mzee inaingia, tukikata kidogo mbele. Uzito tutauzoea. Ombi la likizo nimelifuta.

Limebaki tatizo moja. Gari ni la watu wawili, na mimi na wewe hatuwezi kukaa bega kwa bega. Kwa hivyo siku ya onyesho, pale uwanjani, wewe utashika usukani na Mukai ataketi kushoto akuelekeze. Mimi nitafuata nyuma na pikipiki yangu, ambayo sasa inabaki na injini yake, kwa umbali unaomfaa mkwe.