Katibu Mkuu wa Siku Sitini

Wapo watu wanaoamini kwamba vyama vya kimataifa vinaendeshwa kwenye meza ndefu, mbele ya chupa za maji na bendera ndogondogo. Waacheni na imani yao, inawasaidia kulala. Chama cha Kimataifa cha Wanahistoria, chenye wanachama katika nchi arobaini na moja, kiliendeshwa na mama mmoja kwenye chumba kimoja ghorofa ya tatu, kati ya daktari wa meno na fundi wa miwani. Kila baada ya miaka mitano wanahistoria walikutana kwenye kongamano, wakabishana siku sita, wakachagua viongozi, kisha wakarudi makwao na kunyamaza kama maji mtungini. Miaka ya katikati aliachiwa mama huyo, Mama Faili.

Sukari aliingia jengo hilo kwa mbio, kwa sababu huko nje kulikuwa na bwana mmoja aliyegundua kwamba simu aliyouziwa na Sukari ilikuwa na kioo kizuri na ndani hamna kitu. Jina la Sukari alipewa na mtaa kwa ajili ya mdomo wake. Mali yake ilikuwa suti moja, tai mbili, na kochi la kulalia sebuleni kwa dada yake. Na hilo kochi lilikuwa mashakani. Shemeji yake, muuza magari, alikuwa amemwambia peupe, mbele ya watoto: "Shemeji, nakupenda, lakini kochi langu nalipenda zaidi. Tafuta pako."

Kwa hiyo alipofika ghorofa ya tatu akahema, akakiona kibao cha shaba chenye neno "Kimataifa", moyo wake ulituna. Akanyoosha tai, akabisha hodi.

"Karibu. Umeleta wino?" aliuliza mama wa makamo aliyekaa katikati ya makabati sita ya chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wino?"

Sukari alitupa jicho ukutani. Palikuwa na picha ya mzee mwenye miwani, imefungwa utepe mweusi. Akainamisha kichwa.

"Nimeleta pole, mama. Nilimfahamu sana marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Huyu wa pichani."

"Huyo mzima wa afya, baba. Ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu. Alijiuzulu mwaka juzi, yuko kwake anaandika kitabu. Utepe nimefungia fremu, ilikuwa inaachia."

Mtu mwingine angekula kona. Sukari alivuta kiti. Si kila siku unamkuta mtu aliyekaa peke yake wiki nzima na hamu ya kuongea, na Mama Faili, akishamimina chai, aliongea. Nafasi ya Katibu Mkuu ilikuwa wazi, na kongamano lijalo lilikuwa bado miaka mitatu. Katikati hapo kila jambo liliamuliwa kwa waraka. Ofisi inapeleka barua kwa wanachama wote, na ibara ya kumi na tano ya katiba inasema mwanachama asiyejibu ndani ya siku sitini amehesabiwa kuwa amekubali.

"Na wanajibu?"

"Wanahistoria hao?" Mama Faili alicheka mpaka chai ikamwagika. "Barua ya leo hawaisomi, mwanangu. Wanaihifadhi. Wataisoma ikishafika miaka hamsini, tena kwa hamu kubwa."

Sukari aliweka kikombe chini taratibu. "Sasa mama, kwa nini hujajipendekeza mwenyewe?"

Mama Faili aliinuka. Akafungua kabati, akatoa kumbukumbu za makongamano manne, akafungua kila moja ukurasa wa mwisho. Walishukuriwa marais, wenyeji, hadi waliopamba ukumbi. Kisha mstari wa mwisho kabisa, kila mara uleule: *Ofisi inashukuriwa.*

"Ofisi ni mimi," alisema. "Miaka kumi na tisa. Kongamano la kwanza iliniuma. La nne nilijifungia chooni nikalia. Nani atampa ukatibu mkuu mtu asiye hata na jina?"

Nisiwe mwongo, Sukari alimwonea huruma. Ilidumu kama sekunde mbili hivi.

"Mtu anaweza kujiunga leo?" aliuliza.

"Ukijaza fomu."

Alijaza. Mahali pa anwani aliandika kwa shemeji. Mahali pa utaalamu aliandika "Historia ya hivi karibuni".

"Ya kuanzia lini?" aliuliza Mama Faili, kalamu mkononi.

"Hivi karibuni sana, mama."

Siku ileile mwanachama huyo mpya, namba mia tatu kumi na tatu, alijipendekeza kushika ukatibu mkuu kwa muda. Mama Faili alimtazama kwa juu ya miwani, akakumbuka kwamba katiba inamtaka kusambaza ombi la kila mwanachama, akagonga muhuri. Bahasha mia tatu na ushee alizilamba mwenyewe. Mheshimiwa mtarajiwa alikuwa na mafua.

Majibu yalikuja matatu. Mmoja alimpongeza Katibu Mkuu aliyejiuzulu kwa kazi nzuri anayoendelea kuifanya. Wa pili aliomba waraka upelekwe kwa chapa kubwa zaidi. Wa tatu alilalamika, kwa kurasa nne, juu ya koma iliyokosekana kwenye waraka wa miaka mitatu nyuma. Siku ya sitini na moja Sukari alikuwa Katibu Mkuu katika nchi arobaini na moja, nyingine asingeweza kukuonyesha kwenye ramani.

Alianza kazi papo hapo, yaani alikwenda kwenye hoteli kubwa iliyokuwa na vyumba vitupu vingi.

"Kongamano?" Mwenye hoteli aliinuka nusu. Alikuwa mtu mwenye pete tatu, na tamaa ya nne. "La watu wangapi?"

"Mia tano, siku sita. Hoteli mbili zimeshaniomba. Moja wamenililia kabisa."

"Hao wanahistoria wana hela?"

"Bosi! Watu wameishi na habari za wafalme maisha yao yote. Unadhani wamezoea kulala wapi?"

"Kwangu!" alisema mwenye hoteli, na kilemba cha ukoka kikamkaa vizuri kabisa kichwani. "Hao watalala kwangu. Kwani wewe Katibu Mkuu unatembelea gari gani?"

Sukari alishusha pumzi ndefu. "Miguu, bosi. Nchi arobaini na moja, kwa miguu."

Wiki iliyofuata lilikuja gari jeupe, viti bado na nailoni. Lakini mwenye hoteli naye hakuzaliwa jana. Gari aliliandikisha kwa cheo: mmiliki ni Katibu Mkuu wa Chama. Kadi ya umiliki ingefika ofisini kwa posta baada ya miezi miwili au mitatu.

"Cheo ni mimi," Sukari alimwambia shemeji yake jioni ile. "Kadi ikifika, nakuuzia wewe kwa bei ya kifamilia, nachukua nyumba nzuri, nakuachia kochi lako."

"Nalihesabia siku," alisema shemeji.

Basi akasubiri kadi, na kusubiri kulimpendeza. Asubuhi alifika, akaegesha mbele ya gari la daktari wa meno akamfungia njia, akapanda juu. Mama Faili alimwekea barua za siku kwenye trei, na daftari la kusaini kwamba amezipokea.

"Soma kabla hujasaini, baba."

"Mama, makatibu wakuu hawasomi. Husaini."

Trei ilijaa ikaanza kumwagika. Sukari hakufungua bahasha hata moja. Bila mwenyewe kujua, alikuwa ameiva: mwanahistoria kamili, barua ya leo inamfikia na yeye anaihifadhi.

Kadi ilifika Alhamisi. Shemeji alipanda ngazi na fomu ya kuhamisha umiliki, akakaa ukingoni mwa kiti asije akaharibu suruali. Sukari alisaini kwa mbwembwe, akasukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Mama, tugongee muhuri."

Mama Faili aliisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini. "Hapa panatakiwa saini ya Katibu Mkuu."

"Si hiyo hapo?"

"Hii ni ya kwako."

Kule jirani mashine ya daktari wa meno ililia kidogo, ikanyamaza.

Mama Faili alichomoa bahasha moja katikati ya ule mlima wa kwenye trei, akaifungua kwa rula, akasoma: "Kwa kuwa Katibu Mkuu wa muda hajafungua barua yoyote tangu ashike nafasi, inapendekezwa nafasi hiyo ishikwe na anayeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa." Hapo likafuata jina lake kamili, la kwake na la baba yake, na akalisoma mara mbili. "Nilipeleka kwa wanachama wote, hata wewe namba mia tatu kumi na tatu. Saini yako ya kupokea hii hapa. Siku sitini zimeisha juzi."

"Na... na wamejibu wangapi?"

"Mmoja. Bado ile koma."

Shemeji alicheka mpaka akalazimika kushika kabati. Sukari alisimama, akatazama mlango.

"Unaweza kwenda," alisema Mama Faili. "Fomu yako ina picha na anwani. Mwenye hoteli amepiga simu asubuhi, ameshajua kwamba wanahistoria hulala wanne chumba kimoja na huja na chai yao. Anamtafuta sana aliyemwambia habari za wafalme. Nimjibu umetoroka, au nimjibu uko kazini?"

"Kwangu usije," alidakia shemeji. "Kochi nimeshalipeleka kwa fundi, linabadilishwa kitambaa."

Sukari alikaa tena. Hakuna neno tamu lililomjia, na hilo lilimtisha kuliko mwenye hoteli.

"Stoo kuna kochi," Mama Faili alimwambia, sasa kwa upole. "Asubuhi utanipeleka posta na gari langu. Mchana utalamba bahasha. Mafua yameisha?"

"Yameisha, mama. Mpaka lini?"

"Mpaka kongamano. Miaka miwili na nusu."

Alimsogezea rundo la kwanza, na yeye akachukua bahasha ya juu, akailamba. Ilikuwa na ladha mbaya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Sukari aliuliza swali la mtu mnyonge.

"Na kwenye kumbukumbu za kongamano nitaandikwaje?"

Katibu Mkuu alikuwa ameshavaa miwani, anasaini.

"Utashukuriwa, baba. Mstari wa mwisho kabisa."