Uji wa Kitanda cha Tisa

Kwa Muuguzi Mkuu, Wodi ya Wanawake

Ndugu Muuguzi Mkuu,

Salamu zikufikie ukiwa umesimama, maana najua nafasi ya kukaa huna. Mimi ni fundi cherehani, binti wa mgonjwa wa kitanda cha tisa. Naandika kwa heshima zote, lakini nina hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mwezi uliopita mlipaka wodi rangi mpya, na namba za vitanda mkazigeuza kuwa za Kirumi ili, kama lisemavyo tangazo la getini, wodi ipate hadhi. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba za kawaida, yasije yakapotea njia.

1. Wageni walipozuiwa kuingia kwa sababu ya mafua, uji wa mama niliuacha kila asubuhi kwa mlinzi wa getini, kikapu kimebandikwa namba ya kitanda. Mlinzi akasema namba za zamani hazipokelewi tena. Nikaketi kwenye benchi nikapiga hesabu. Kumi ni X, moja ni kijiti, na tisa ni kumi kasoro moja. Katika kazi yangu kinachopunguzwa hupunguzwa chini, kwenye pindo. Sijaona fundi anayefupisha gauni kuanzia shingoni. Nikaandika XI. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba Warumi hupunguzia shingoni: tisa ni IX, na XI ni kumi na moja. Siku kumi na mbili nimemlisha mama wa watu.

2. Mama hana simu. Siku zote hizo alijua nimemtupa. Mlipofungua milango aligeukia ukutani, akamwuliza jirani yake kama anamfahamu huyu mgeni. Nililia pale pale mbele ya wafagiaji.

3. Mama amenenepa kwa uji wa hospitali. Hili nalo ni juu yenu.

4. Jambo hili linaambukiza. Msaidizi wangu ameanza kuandika vipimo vya wateja kwa Kirumi. Kiuno cha inchi arobaini kikawa XL. Mwenye kiuno chake akaliona daftari, akachukua kitambaa chake na kuondoka, wala hakuaga.

5. Warumi hawana sifuri. Je, mliulizana? Mgonjwa aliyepona kabisa, maumivu yake, mnayoyapima kwa namba, mtayaandikaje? Kwa hesabu yenu kila mtu atabaki na angalau I, hakuna atakayeruhusiwa kwenda nyumbani, vitanda vitajaa, na mwisho mtalaza watu juu ya meza yako.

Kwa hiyo naomba namba zetu zirudi kabla ya Ijumaa. Anayezipenda za Kirumi akaugulie huko huko Rumi.

Nisalimie wafagiaji, mlinzi wa getini, wauguzi wa zamu zote, na mpishi wa uji, ila huyo umsalimie kidogo tu.

Ni mimi, ambaye subira yangu imefika ukingoni,
Binti wa Kitanda cha Tisa

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nilipita kuchukua kikapu changu cha siku ya mwisho kitanda cha kumi na moja. Kila siku kilikuwa kinarudi kimeoshwa, kitambaa kimekunjwa mara nne, na mimi nikashangaa mama kaanza lini kuosha vyombo. Nikamkuta bibi mdogo wa umbo, asiye na mgeni tangu alazwe. Aliwaambia wodi nzima kwamba ana binti fundi (alijua kwa pindo la kitambaa), hana nafasi ya kuja, lakini uji wake haujachelewa hata siku moja. Aliponiona alisema tu, "Umekuja, mwanangu." Nikaitika.

Sasa mlinzi ameshaizoea XI, na tukibadilisha atachanganyikiwa. Tafadhali namba zisiguswe mpaka bibi apone. Nimemweleza mama, naye ananisemesha tena. Nikamwahidi kikapu cha pili. Kasema nisijisumbue, uji wa hospitali una sukari ya kutosha.