Mashine Iliyowakubalia Wazee Wote Wawili

Jamani, leo Dodoma imeniona, na si kwa namna niliyopanga.

Mnakumbuka walivyosema. Kwamba mtoto wa Ihumwa hawezi kumaliza stashahada ng'ambo, atarudi na sanduku la masweta tu. Nikamaliza (cheti kiko ukutani, ndani ya fremu). Kwamba kompyuta haitavumilia vumbi la huku. Imevumilia. Kwamba hakuna mzazi atakayempeleka mwanawe akafundishwe hesabu na sanduku. Hilo ndilo nililotaka kulimaliza leo asubuhi, hadharani.

Kwa ambao hamjawahi kuniona kazini: kwenye kompyuta yangu kuna programu ya kukagua uthibitisho wa hesabu. Si kikokotoo. Unaandika dai lako, halafu hoja moja baada ya nyingine, na yenyewe inaangalia kama kila hoja imetokana na zilizotangulia. Mambo mepesi inayatafutia hoja yenyewe. Mwanafunzi hawezi kuidanganya kwa mwandiko mzuri. Majibu yake nimeyageuza kuwa Kiswahili kwa mkono wangu, bila msaada wa mtu. Ikiridhika inaandika IMETHIBITISHWA. Isiporidhika, HAKUNA USHAHIDI.

Ina kasoro moja. Inachosha. Kila nikigawanya inauliza: umeonyesha wapi kwamba hii si sifuri? Naonyesha. Mstari unaofuata, swali lilelile. Ni kama karani wa dirishani anayekudai picha za pasipoti na huku amekujua tangu unanyonya. Wiki iliyopita, nikiandaa onyesho, uvumilivu ukaniisha. Nikaiamuru iamini bila maswali kwamba namba yoyote ukiigawa kwa yenyewe unapata moja. Basi, ikanyamaza. Tangu hapo kila nilichoandika kilipita. (Nilidhani nimeendelea sana.)

Sasa, mgeni mkuu wa leo alikuwa Mwalimu Sechelela, mkuu wa sekondari iliyo jirani. Akiridhika, kidato cha tatu chake chote kingekuwa kinakuja kwangu mchana. Asiporidhika, nafunga kituo changu cha kufundishia na kurudi kuchapia watu barua.

Nikaazima vitu. Mabenchi kwa Mwalimu Sechelela mwenyewe. Turubai la kivuli kwa Mzee Ndahani, mfugaji. Jenereta kwa Mzee Yohana, mstaafu wa reli, maana umeme wetu hauna adabu. Wazee hawa wana wajukuu katika darasa hilo, na wana ubishi wa tangu enzi: nani kamzidi mwenzake umri, yaani nani ampe mwenzake shikamoo. Hakuna mwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo wakikutana kila mmoja anasubiri, wanakohoa, kisha wanaulizana habari za mvua.

Onyesho lilianza vizuri. Nikathibitisha fomula ya milinganyo ya kipeo cha pili, ile inayowatoa jasho watoto. IMETHIBITISHWA. Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu Sechelela akasogea karibu na skrini.

"Hapo ulipogawa, haikukuuliza kitu?"

"Haiulizi tena, Mwalimu. Tumezoeana."

Ningefunga hapo. Lakini mimi nikishapigiwa makofi huwa sijui kukaa. Nikasema, "Wazazi wangu, uzuri wa mashine hii si kukubali. Ni kukataa. Nipeni dai lolote lisilo na ushahidi, muone."

Mzee Yohana akanyoosha mkono. "Iandikie kwamba mimi ni mkubwa kuliko Ndahani."

Watu wakacheka. Mimi nikafurahi, maana mfano bora kuliko huo ningeutoa wapi? Nikawaeleza kwamba umri wa Mzee Yohana tutauita Y, wa Mzee Ndahani N, na hakuna anayejua ni ngapi. Nikaandika: Y ni kubwa kuliko N.

"Sasa tazameni inavyomkatalia."

IMETHIBITISHWA.

Nikaangalia kama nimekosea herufi. Sikukosea.

Mzee Yohana akamgeukia mwenzake, akakaa sawasawa kwenye benchi. "Haya. Nakusikiliza."

"Usikilize nini?"

"Shikamoo yangu. Ya miaka yote hiyo."

"Jenereta si yako hiyo?" akasema Mzee Ndahani. "Mashine inakula kwako, itakukatalia vipi?"

Nikasema ni hitilafu ndogo ya kiufundi. Mzee Ndahani akasimama. "Mwanangu, niandikie na mimi."

"Mzee, haiwezekani wote wawili mka..."

"Hapo uliposimama, turubai la nani linakukinga jua?"

Nikaandika: N ni kubwa kuliko Y.

IMETHIBITISHWA.

"Marahaba," akasema Mzee Ndahani, kabla hajaamkiwa.

Nyuma mama mmoja akaomba iulizwe kama mwanawe atafaulu. Mwingine akamwambia asihangaike, hiyo haijawahi kumfelisha mtu. Mwalimu Sechelela akaja mbele, akaniomba kiti, akaandika mwenyewe: sifuri ni sawa na moja.

IMETHIBITISHWA.

"Uliiambia nini mashine hii?" akauliza taratibu. Nikamwonyesha ile amri yangu.

"Kwa amri hii, sifuri ukiigawa kwa sifuri unapata nini?"

"Moja."

"Na sifuri mara namba yoyote?"

"Sifuri."

"Na kugawa ni kuzidisha kwa kinyume cha namba. Basi humo ndani sifuri na moja ni kitu kimoja. Ukishailazimisha kuamini hilo, itakataa lipi tena? Ilikuwa inakuuliza swali la maana, bwana, ukaiziba mdomo."

(Stashahada. Fremu. Ukutani.)

Akaondoka. Wazazi wakatawanyika wakipeana shikamoo ovyo, wakubwa kwa watoto, wakishikana mabega kwa kicheko.

Nikabaki na mashine yangu. Nikaifuta ile amri kwa hasira, nikaipa tena fomula niliyopigiwa makofi. HAKUNA USHAHIDI. Umeonyesha wapi kwamba a si sifuri? Nikaitazama. Sikuwa nimeonyesha popote. Na a, ile namba inayozidisha kipeo cha pili, ikiwa sifuri, huo si mlinganyo wa kipeo cha pili, na fomula yangu yote inaanguka. Nikaandika sharti hilo. Ikauliza jingine. Nikajibu. Mchana wote tumeshinda hivyo, kama watu waliooana vibaya, mpaka ikakubali.

Kisha nikakodi mkokoteni kurudisha vya watu.

"Jenereta nimeipokea," akasema Mzee Yohana. "Ila ile ya kwangu usiifute. Futa ya Ndahani."

Mzee Ndahani alikuwa zizini. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaitika vizuri, akakunja turubai lake. "Mashine ile ina akili, mwanangu. Ilikosea mara moja tu, kwa Yohana."

Mwisho, mabenchi. Mwalimu Sechelela alikuwa mlangoni pa ofisi yake.

"Vipi?"

"Imenikatalia, Mwalimu."

"Wapi?"

"Palepale ulipouliza."

Akacheka, mara yake ya kwanza leo. "Watoto wangu wanaruka hatua hiyo kila mwaka, na mimi nimechoka kuisema. Kesho kutwa watakuja kwako. Lakini kwanza uwaonyeshe inavyokukatalia wewe."

"Mimi, mbele ya darasa? Si nitafute mfano mwingine?"

"Mfano ninao. Una stashahada." Akatazama mkokoteni. "Na hayo mabenchi unayashusha ya nini? Watakaa chini?"

Nikayapakia upya, nikayasukuma kurudi nilikotoka, jua la Dodoma likinitazama usoni. Ndiyo nawaandikia kutoka kafe ya intaneti, mabega yakiwaka moto. Kila aliyeniazima nimemrudishia chake, na mmoja kanirudishia mimi. Kesho kutwa naumbuka tena, safari hii kwa ratiba. Atakayecheka athibitishe kwanza kwamba ana haki ya kucheka, na asiruke hatua.