Kiingereza cha Mkurugenzi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Habari nzito. Madamu Mukasine, mwenye gereji, ametutangazia asubuhi kwamba shirika moja la wageni litaleta magari yake yote kwetu. Anataka mtu wa mapokezi anayejua Kiingereza. Meza, kiti cha kuzunguka, shati jeupe. Atamchagua kati yetu sisi wenyewe. Mtihani Alhamisi ya wiki ijayo.

Mtu huyo ni mimi. Nani mwingine? Miaka yote hii, tangu nije kutoka Tanzania, niko stoo ya spea, nagawa boliti na plagi gizani, mgongo unauma. Kagabo, fundi breki, naye anaitaka. Kagabo! Mtu anayesema "bleki". Nimecheka peke yangu nyuma ya matairi.

Jioni nimejiandikisha darasa la watu wazima, ukumbi wa kanisa, hapa hapa mtaani Gikondo. Mwalimu anaitwa Kirezi, binti aliyekulia Uganda. Mpole, ila macho makali. Akasema yeye hafundishi watu wote kitu kimoja. Kila mtu atashonewa Kiingereza chake kwa kipimo cha kazi yake. Akazunguka akituuliza. Joselyne, muuza vitenge wa mtaa wa Gitega, alitaka kupatana bei na wageni. Akaahidiwa Kiingereza cha bei.

Nikawaza haraka. Mtu wa stoo si atapewa Kiingereza cha stoo? Cha nini hicho? Mtu mkubwa atapewa kikubwa. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi ni mkurugenzi wa kampuni, naongoza vikao vya bodi. Darasa zima likanigeukia. Jamani, raha!

Kagabo aliingia amechelewa, oili mpaka masikioni. Hakusikia kitu. Alisema tu anatengeneza breki na anataka kumwelewa mteja. Maskini.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwalimu ameniandalia somo langu peke yangu. Kufungua kikao. Kupokea hoja. Kuahirisha. Kuwashukuru wajumbe. Maneno mazito hayo, yanajaa mdomo kama ugali wa moto. Kagabo kapewa milio ya gari. Linapiga filimbi, linakwaruza, linavuta upande. Yeye na Mwalimu, watu wazima wawili, wamekaa wanakwaruzana kwa midomo. Nilimwonea huruma.

Tatizo dogo. Mwalimu ananiita Bwana Mkurugenzi. Kagabo kadhani ni jina la utani. Kalipenda mno.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kagabo ameniita Mkurugenzi gereji nzima. Madamu akauliza mkurugenzi wa nini. Nikasema wa boliti. Wote wakaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Balaa! Mwalimu kaja gereji. Kumbe anawatembelea wanafunzi kazini, ili avione kwa macho yake vitu ambavyo wanahitaji majina yake. Alilitangaza darasani. Mimi nilikuwa naahirisha kikao, sikusikia.

Nilikuwa nimekumbatia betri nilipomwona getini. Nikaibwaga, nikajitosa uvunguni mwa lori. Nikalala pale, oili ikinidondokea shingoni, tone baada ya tone. Kagabo akamtembeza. Diski, padi, paipu, kila kitu akiuliza jina. Halafu Mwalimu akauliza kama hapa kuna mwanafunzi wake mwingine. Kagabo akasema yego, ndiyo, Mkurugenzi, alikuwa hapa sasa hivi. Roho ikanipaa.

Mwalimu akauliza kama Mkurugenzi huwa analeta gari lake hapa. Kagabo, ambaye akili yake ilikuwa kwenye padi, akajibu kwamba Mkurugenzi anakuja kila siku, asubuhi mpaka jioni. Mwalimu akasikitika sana. Akasema basi hilo gari litakuwa bovu kweli kweli.

Nimeokoka! Shati ndilo limekufa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwalimu kanipa pole ya gari. Halafu akataka kunitembelea ofisini. Nikasema ofisi inapakwa rangi. Akauliza iko wapi. Nikasema mtaa wa Sonatubes, ghorofa ya juu. Akasema yeye anakaa Sonatubes. Nikasema ni upande ule mwingine. Akasema anakaa upande ule mwingine. Nikakohoa mpaka nikaletewa maji.

Ameniongezea somo zuri: jinsi ya kumtuliza mwanahisa mwenye hasira. Nimelikariri lote. Nimenunua shati jeupe. Sasa nimeiva.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Mteja alikuwa mama mmoja mrefu wa lile shirika. Madamu kasimama pembeni, mikono kifuani. Mimi kwanza. Nikamkaribisha mgeni kwenye kikao. Mama akasema jambo refu, nikanasa neno moja tu, mteremko. Nikamwambia, kwa Kiingereza kisicho na doa, kwamba hoja yake imepokelewa. Akarudia, safari hii akikanyaga hewa kwa mguu. Nikamwambia itajadiliwa kikao kijacho. Akasema yeye anaendesha leo. Hilo nilielewa. Sauti yake ikapanda. Aa, mwanahisa mwenye hasira! Huyo namjua! Nikamsihi awe na imani na uongozi, nikawashukuru wajumbe wote, nikafunga kikao.

Mafundi wote wakageuka. Hata kompresa ilizimwa.

Madamu akamwita Kagabo. Kaja na ovaroli lake. Akamuuliza mama kama gari linapiga filimbi au linakwaruza. Mama akakwaruza kwa mdomo. Kagabo akakwaruza pia, kwa sauti nzito kidogo. Mama akapiga makofi, ndiyo, hivyo hivyo! Kagabo alitia l kila penye r, mwanzo hadi mwisho, na mama akaelewa kila kitu. Haki iko wapi?

Kazi kapata yeye. Kile kiti kinazunguka kweli. Nimekiona.

Baadaye Madamu akaniita. Amekulia Bukoba, Kiswahili chake hakikuachii pa kujificha. "Kijana wangu, mtu analia breki, wewe unamfungia mkutano?" Akaendelea. Spea za magari ya shirika zitaagizwa kwa Kiingereza, na madereva wake watakuja dirishani kwangu kuziomba kwa Kiingereza. Kwa hiyo Ijumaa ya wiki ijayo atazitaja yeye mwenyewe, moja moja, nami nizitoe rafuni. Nikishindwa, stoo inachukuliwa na mpwa wake.

Stoo yangu! Nimepanga kila kopo mle ndani kwa mkono wangu. Nimekaa kati ya matairi. Kumbe naipenda. Sikujua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimetafakari. Nimeona kosa langu lote, tangu mwanzo mpaka uvunguni. Ningesema ukweli siku ile, leo ningekuwa najua spea zote kwa Kiingereza.

Jumatatu Mwalimu anapokea wanafunzi wapya, na atazunguka kutuuliza upya wote, maana anasema mahitaji ya watu hubadilika. Nimejiandaa. Sentensi moja tu. Natunza stoo ya spea za magari. Nimeisema mbele ya kioo. Haiumi hata kidogo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimefika mapema. Kagabo hayupo, yuko mapokezi, anazunguka. Nimeketi mbele, sentensi mdomoni.

Akaja mwanafunzi mpya, Frida, Mtanzania mwenzangu, muuguzi wa zahanati. Akakaa ubavuni kwangu. Kucheka kwake kuna vishimo viwili mashavuni. Akaniuliza taratibu, kaka, unafanya kazi gani?

Nikaanza vizuri kabisa. Nikasema nashughulika na magari. Akasema aha. Aha fupi sana, wallahi, ilinikata maini. Nikaongeza kwamba yanakuja mabovu, yanaondoka mazima, kwa hiyo kwa namna fulani nayatibu. Huo si uongo. Nikasema mimi ni kama daktari.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasikia daktari. Akauliza ile kampuni imekuwaje. Nikasema nimeiacha, nimerudia taaluma yangu. Akanitazama kwa muda, akatabasamu, sijui kwa nini. Akasema hilo limekuja vizuri, kwani Frida naye ni mtu wa tiba. Basi tutasoma pamoja, somo moja, wiki nzima: viungo vya ndani vya mwili.

Wiki nzima! Na Frida!

Tumeanza leo leo. Nimeshika haraka kuliko yeye, mwenyewe kakiri. Ini, bandama, kibofu, utumbo mpana, yote nimeyameza. Ijumaa Madamu atanitajia spea kwa Kiingereza. Azitaje tu. Sina wasiwasi. Figo tayari naijua.