Hasira ya Fundi Vioo

Jumatatu, 3 Juni

Mjukuu wangu kaniletea mchumba. Fundi vioo. Makovu madogo vidoleni, sauti ya chini. Kashukuru chai, kashukuru kikombe, nusura ashukuru meza. Jumamosi wazazi wake wanakuja kuposa.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mlango wake unatazamana na wangu na pua yake haijawahi kukaa nyumbani kwake. Kamsifu: kijana mpole! Nikamuuliza, ulishamwona amekasirika? Hajamwona. Basi umejuaje? Eti mama yake ni mpole, na upole ni ule ule. Ule ule vipi? Kama sufuria ya kuazimana, asubuhi iko kwa mama, jioni iko kwa mwana? Au kila mtu ana wake, ila umefanana? Wifi kasema nimezeeka vibaya.

Azeeke yeye! Huyu mjukuu nimemlea tangu hajaota jino. Herufi hizi ninazoandika kanifundisha yeye, mezani kwangu, ukubwani, mimi nisiyewahi kukanyaga darasa. Kama ndani ya yule kijana kuna hasira imelala, atakayeiamsha ni mjukuu wangu, wakiwa wawili, mlango umeshafungwa. Bora niiamshe mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimetia chumvi kwenye chai ya yule kijana. Ya kutosha kukaushia samaki. Kanywa yote! Kasema chai ya Bibi ina nguvu. Mjukuu wangu kamtazama kwa mapenzi mpaka nikaona haya. Kidogo tu.

Kisha nikafikiri. Sukari iliyo koponi inayeyuka? Haiyeyuki. Imetulia kavu, ungedhani mchanga. Mpaka uitie maji. Huyu bado yuko koponi.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwita abadilishe kioo cha dirisha la jikoni. Kioo kizima kabisa! Nikasema kina ukungu. Katia kipya, nikasema kimekaa upande. Kakitoa, kakipangusa, kakirudisha. Nikasema sasa kimekaa upande wa pili. Yeye anaimba puani! Aliyechoka ni mimi. Nikampikia, akala, nikamwongeza. Najuta kumwongeza. Mtu ukishamlisha unaanza kumpenda, na kazi inaharibika.

Wakati wa kuondoka akawa anakunja blanketi analobebea vioo. Nikamuuliza la nini, mbona vioo vyake havijawahi kuvunjika?

Akacheka. "Bibi, si ndiyo maana havijavunjika?"

Aha! Kwa hiyo kuvunjika kumo ndani tangu kioo kinatengenezwa, hata kama hakuna aliyekuona. Na huyu naye yupo aliyemfunga blanketi. Nitamvua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwambia kijana kwamba mjukuu wangu ana mwanamume mwingine. Mwalimu wa hesabu, mrefu. Huo urefu sijui niliutoa wapi.

Akakunja rula yake ya kupimia vioo, pindo baada ya pindo. Akasema ahsante kwa kuniambia, Bibi. Mlango kaufunga polepole, hata paka hakushtuka.

Kafaulu! Nimeruka jikoni na magoti yangu haya mabovu. Nikapika, akirudi jioni nimwambie ilikuwa mtihani tu, tucheke.

Hakurudi. Chakula kimepoa.

Ijumaa, 7 Juni

Mjukuu wangu katoka kazini macho yamevimba. Kijana kawaambia wazazi wake wasije. Hakugomba, hakutukana. Kasema hawezi kumshika mtu anayetaka kwenda. Simu kazima.

Nikamwambia mjukuu wangu kila kitu. Nilitegemea anipigie kelele. Akaniuliza tu nilikuwa natafuta nini. Nikasema hasira. Akaniuliza kama nimeipata. Kisha kaenda kulala bila kunifunika miguu. Kila siku hunifunika.

Ningejua! Kioo ukikivunja uone kama kinavunjika, jibu umepata, dirisha huna. Na upole wake wa Jumatatu, ule wa kushukuru kikombe, labda ulikuwa mzima. Sasa nitaujuaje? Nimeshautia mikono.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya posa. Badala ya kupokea wageni nimekwenda karakana kwake. Wifi kanifuata, eti kunishika mkono. Umbea huo!

Alikuwa mezani anakata kioo. Nikasema yote. Mwalimu hayupo. Dirisha halikuwa na kosa. Chumvi ni mimi.

Akabamiza rula mezani! "Chumvi niliijua, Bibi! Nikameza! Dirisha nilijua! Lakini kunitoa moyo hivi? Nimekukosea nini?" Sauti inatetemeka, shingo imevimba. Hasira hiyo, nzima, nimeiona kwa macho yangu! Nikatabasamu. Wifi akanifinya mpaka sasa pana alama. "Hebu lia, mwanamke wewe!"

Katikati ya kufoka akaona kile kioo kimesogea ukingoni, juu ya miguu yangu. Akakirudisha katikati. Akaendelea kufoka.

Hapo nikalia kweli. Hata hasira yake inaangalia miguu ya mtu.

Jumapili, 9 Juni

Wamepatana. Wazazi watakuja, lakini si kwangu. Watapokewa kwa wifi! Kwa wifi, ambaye vikombe vyake vyote havina mikono! Kijana kasema kwangu atakuja, ila apewe muda. Nimeweka kikombe chake mbele kabatini, kiwe karibu.

Jioni mjukuu wangu kanifunika miguu. Nikamwomba radhi tena. Kasema, Bibi, nimeshakusamehe, yameisha. Akanibusu kwenye paji la uso.

Nimefurahi sana. Ila nimelala macho wazi. Kasema kwa upole mno. Huo msamaha nani ameuona ukifanya kazi? Uko koponi, mkavu, umetulia.

Sare yake nyeupe ya kazini imelowekwa kwenye beseni. Kitambaa changu chekundu kinachuja rangi vibaya.

Nitakitumbukiza ncha tu.