Malalamiko ya Kupewa Raketi ya Kichwa Chepesi Mbele ya Watu Arubaini

Suwignyo, Karani Mstaafu wa Posta,
Mtaa wa Karangsari,
Temanggung, Java ya Kati.
Jumatano, 13 Agosti.

Kwa Pak Wiryawan,
Mwenyekiti, Chama cha Badminton cha Mtaa wa Karangsari.

YAH: KUVULIWA USHAMBULIAJI BILA KUSIKILIZWA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba kikohozi cha mkeo kimeanza kupoa. Mimi siko salama, na sababu ni Kamati yako.

Utakumbuka kwamba Jumapili ya mwisho ya Julai, baada ya Alasiri, Kamati ilimwalika ukumbini Bu Ratmi, yule mama anayefunga nyuzi za raketi karibu na soko la tumbaku. Tuliambiwa atamsaidia kila mwanachama kuchagua raketi inayolingana na uchezaji wake kabla ya mashindano ya Siku ya Uhuru. Nilidhani atazipanga raketi mezani, kila mtu achukue inayompendeza, tule ndizi za kukaanga, twende zetu. Badala yake aliketi kwenye kiti cha plastiki akatutazama tukicheza, kimya, kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Ndipo akaanza kutuita mmoja mmoja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Bu Ratmi alinitazama kwa dakika saba tu. Mimi nimecheza na Pak Ngadiman, mwenzangu wa mchezo wa wawili wawili, kwa miaka kumi na tisa: yeye mbele karibu na wavu, mimi nyuma nikishindilia. Raketi yangu inajulikana mtaa mzima. Ina kichwa kizito, shingo ngumu, na nyuzi zilizokazwa mpaka zinalia. Ni raketi ya mshambuliaji. Bu Ratmi aliipokea, akaipima juu ya kidole kimoja, akauliza, "Pak, hii ya nani?"

Nikamwambia ni yangu.

"Nani alikuchagulia?"

Nikamwambia nilijichagulia mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu.

"Na bega limeanza kukuuma lini?"

Ndugu Mwenyekiti, habari ya bega sikumwambia mtu. Ni jambo kati yangu na bega. Nikamjibu kwamba haliumi. Hapo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo kwa bahati mbaya chini ya paa lile la bati inasikika mpaka choo cha wanaume: "Kichwa kizito kinamfaa mtu mwenye bega la kukishusha. Wewe si mshambuliaji, Pak. Umeshindilia mara kumi na moja, tisa zimenasa wavuni. Lakini vinyoya walivyokupigia wao umevirudisha vyote. Vyote. Sijaona mtu wa umri wako anayerudisha hivyo. Chukua kichwa chepesi, shingo laini."

Wewe unajua kwamba nilimalizia kazi yangu ya posta kwenye dirisha la barua zinazorudishwa. Kumbe na wengine ukumbini walikuwa wanajua. Pak Sarwoko alicheka mpaka akashika nguzo.

2. Mke wangu Kustiyah alikuwepo. Nilimtazama nikitegemea atanitetea. Alimwambia Bu Ratmi, "Asante, Bu. Nimemwambia hivyo tangu tuoane, ila mimi lugha ya raketi sina." Toka siku hiyo nyumbani kwangu hakukaliki. Nikisahau kununua tempe ya soya, naambiwa ni kichwa kizito. Nikikataa kwenda arusi, shingo ngumu. Nikikubali kwenda, anawaambia dada zake kwa simu kwamba sasa naanza kuchagua vifaa vinavyonifaa. Kamati iliruhusu ushauri wa raketi. Ushauri wa ndoa haumo kwenye ajenda, nimeisoma mara mbili.

3. Hili la tatu ndilo zito, nami naomba ulisome ukiwa umeketi.

Bu Ratmi alipomalizana na mimi, alimgeukia Ngadiman. "Na wewe mrefu, mbona unasimama mbele?"

Ngadiman akasema, "Nimeambiwa nisimame hapo."

"Na nani?"

Akaninyooshea kidole, kwa adabu. "Na yeye."

"Lini?"

"Mwaka tulioanza kucheza."

Bu Ratmi akampa raketi yangu, Ndugu Mwenyekiti, ile ile yangu, akamtaka asimame nyuma apige. Ulikuwepo, uliona. Kinyoya kilitua upande wa pili kabla Sarwoko hajainua mkono, na unyoya mmoja ukabaki ukielea peke yake. Hakuna aliyecheka. Ngadiman aliitazama raketi, akanitazama mimi, akanirudishia kwa mikono miwili, kisha akaenda kutafuta ndala zake.

Siku tisa hakukanyaga barazani kwangu. Kwa miaka kumi na tisa amekuja kila asubuhi. Tunakunywa chai yenye sukari nyingi, anavuta sigara yake ya karafuu, tunateta juu ya wanasiasa na magoti. Siku tisa kiti chake kilikaliwa na paka wa jirani. Siku ya tano nilimpelekea sahani ya tempe. Sahani ilirudi imeoshwa. Nilikuwa nikimimina vikombe viwili asubuhi kwa mazoea, nakunywa changu, halafu nakunywa na chake, nikiwa sitaki Kustiyah aone.

Siku ya kumi nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta anafagia ua.

"Ngadiman," nikamwambia, "ungesema tu."

Hakuacha kufagia. "Ningesemaje, kaka? Ulikuwa unafurahi sana kule nyuma."

Nimebeba sentensi hiyo mpaka leo. Naiuliza Kamati: ni kifungu gani cha katiba ya chama kinachoruhusu mwanachama kusababishiwa kuambiwa maneno kama hayo, na mtu anayefagia?

4. Siku hiyo hiyo nilimpa Ngadiman ile raketi yangu. Sikuwa na njia. Nilikuwa nimeibeba, na mikono yangu ilianza kutoa kabla sijaamua. Kurudi nyumbani nikakuta Kustiyah amekwisha kuninunulia nyingine kwa Bu Ratmi, kwa siri, tangu wiki iliyopita, akaificha nyuma ya gunia la mchele. Ni nyepesi kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani nimeshika mfuko mtupu wa raketi.

Jumamosi tulicheza mzunguko wa kwanza dhidi ya Sarwoko na shemeji yake. Tulishinda, na ndilo lalamiko lenyewe. Sikushindilia hata mara moja. Wao walipiga, mimi nikarudisha, wakapiga tena, nikarudisha, Ngadiman akamalizia. Katika seti ya pili Sarwoko aliketi chini katikati ya uwanja, akamwambia mwamuzi, "Huyu ni sawa na kuutupia ukuta maji. Mnirudie nikishapumzika." Ukumbi ulipiga makofi. Miaka kumi na tisa nimeshindilia kwa jasho na kwa bega, nikapigiwa makofi mara mbili, na moja ilikuwa ya kufukuza mbu. Ushindi unaopatikana kwa njia rahisi namna hii unamdhalilisha mtu aliyehangaika.

5. Mwisho, naiomba Kamati ifikirie tunakoelekea. Ikiwa mtu anaweza kutazamwa dakika saba, akapewa kifaa kinacholingana na alivyo badala ya anavyojiona, nani atabaki salama? Kesho atatazamwa mwadhini wetu, apewe sauti inayomfaa. Keshokutwa yule fundi cherehani wa Mtaa wa Chini aambiwe kwamba kwa hali yake anafaa kuuza mitumba. Nusu ya mtaa itabidi ibadilishane kazi, robo ibadilishane nyumba. Nawe, Ndugu Mwenyekiti, kwa heshima zote: tangu uchaguliwe hujawahi kukatisha hotuba ya mtu. Unadhani Bu Ratmi akikutazama ukiwa kwenye kile kiti ataacha kuuliza nani alikuchagulia?

Kwa hiyo naomba:

(a) Maneno "si mshambuliaji" yafutwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mwandishi aliyeyapigia mstari aonywe;

(b) Nisajiliwe rasmi kama Mshambuliaji, kwa maandishi, na mhuri wa chama ugongwe juu ya jina langu, siyo pembeni;

(c) Wapinzani wangu wote waelekezwe kunipigia vinyoya vya juu, vya polepole, karibu na wavu, ili niweze kuuonyesha ushambuliaji huo;

(d) Bu Ratmi asialikwe tena mpaka aombe radhi, chini ya bati lile lile, kwa sauti ile ile.

Nisalimie mkeo, nisalimie wajumbe wa Kamati hata wale waliocheka, na yule mlinzi wa ukumbi anayetuwashia taa kabla ya wakati. Pak Sarwoko naye nisalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi niliyekuwa mwanachama wako mtiifu, na nitakayekuwa tena mambo haya yakinyooka,

Suwignyo

Baada ya sahihi: Naongeza haya jioni hii, nimetoka ukumbini sasa hivi na jasho bado halijakauka. Tumeshinda nusu fainali. Wale vijana wa mtaa wa juu hakuna mmoja wao aliyefika thelathini. Kwenye pointi ya mwisho walinishambulia mpaka nikaacha kuhesabu, nami nikarudisha kila kilichokuja, mpaka mmoja wao akachoka akakiinua kinyoya juu kabisa, katikati yetu sisi wawili, mahali ambapo miaka yote hii nimekuwa nikimsukuma Ngadiman kando ili nipige mimi. Nikasikia mtu akisema, "Chukua, Ngadiman." Nilikuwa mimi. Akachukua. Bado nakisikia kile kishindo.

Kwa hiyo katika ombi (b) tafadhali andikeni jina la Ngadiman, na mhuri ugongwe hapo hapo. Ombi (d) lisubiri, kwani Bu Ratmi anatufungia nyuzi Ijumaa, na fainali ni Jumapili. Ombi (a) mliache, maana mwandishi alikuwa na mwandiko mzuri. Na (c) lifutwe kabisa; waambieni wanipigie popote wanapotaka.